Malaria tumeizoea, na kosa linaanzia hapo



Kila tarehe 25 Aprili, siku ya dunia ya kupiganisha malaria, mambo ni yaleyale. Banderole inatundikwa, tishati zinagawanywa, mkubwa mmoja anasoma karatasi mbele ya kamera, mustikere moja inafunguliwa ili ipigwe picha. Saa sita viti vinarudishwa. Usiku, katika Katuba, Kenya, Ruashi na Annexe, mbu wanaingia kazini kama jana.

Mwezi wa pili, kwenye avenyu yetu moja, mtoto wa miaka mitatu alianza homa siku ya Jumapili. Mama yake anauza makala. Alienda farmasi ya kona, akasema "mtoto iko na malaria", wakamuuzia vidonge kadiri ya mafranka aliyokuwa nayo mkononi: nusu ya dozi, bila kupima damu. Jumatatu mtoto akacheza. Jumatano macho yakageuka, mwili ukaanza kutetemeka. Kwenye kituo cha afya waliomba kosyo kwanza, ndipo wamulaze. Sisi vijana tukapita nyumba kwa nyumba kuchanga. Tulipofika na pesa, mtoto alikuwa ameishiwa damu. Alikufa kabla ya kucha. Kwenye kilio wakubwa walisema: ni mapenzi ya Mungu. Sisi tulipanga viti, tukanyamaza.

Leo tunasema.

Mnakumbuka Panzi? Si Panzi ya Bukavu, ile ya hospitali inayojulikana. Ni zone ya afya ya Panzi, mkoa wa Kwango, karibu kilometa 700 na Kinshasa. Mwishoni mwa mwaka 2024 watoto wa huko walikuwa wanapata homa na kikohozi, wanakosa pumzi, wanakufa. Dunia ikaiita "ugonjwa usiojulikana". Magazeti ya Ulaya na Marekani yakaandika kila siku. Wataalamu wakatumwa kupitia barabara za matope. Mwezi wa 12 wizara ya afya ikatoa jibu: ni malaria kali. OMS nayo ikaeleza kwamba malaria, maambukizo ya kifua na utapiamlo vilikuwa vimechanganyika ndani ya miili ileile ya watoto. Toka siku ile nani amesikia tena habari ya Panzi?

Ugonjwa mpya ungeendelea kuwa habari. Ugonjwa wa zamani ulifunga habari. Na sisi wenyewe, Wakongomani, tulipumua: "Ah, kumbe ni malaria tu." Hilo neno "tu" njo tunataka kuzungumzia. Mwaka 2023 malaria iliua watu karibu 597,000 duniani, wengi wao watoto wa Afrika chini ya miaka 5. Katika wagonjwa 8 wa malaria duniani, karibu mmoja ni wa kwetu Kongo. Nigeria peke yake inatupita. Hakuna "tu" hapo.

Mbu hazaliwi na malaria

Wengi wetu tumefika chuo kikuu, tumebeba diplome, kazi hakuna. Wakati uko. Tumeutumia kusoma juu ya huyu adui, juu mtu hawezi kupiganisha kitu asichokijua.

Mbu hazaliwi na malaria. Anaitoa kwetu. Mbu jike wa aina ya Anofele anauma usiku juu anatafuta damu ya kukuza mayai yake. Akiuma mtu mwenye kimelea cha malaria, anakinywa pamoja na damu. Kimelea kinaongezeka ndani ya mbu kwa siku karibu 10 hadi 14, halafu kinapanda kwenye mate yake. Toka hapo, mtu anayemwuma anaweza kupewa. Kwa mtu, kimelea kinakimbilia kwanza katika ini, kinajificha karibu juma moja au zaidi, na mwenyewe hasikii kitu. Kisha kinatoka, kinaingia katika chembe nyekundu za damu, kinazipasua. Hapo njo homa, baridi, kichwa, na kwa mtoto, kuishiwa damu. Kimelea kinachotawala kwetu ni Plasmodium falciparum, kile kinachoua kuliko vingine vyote, juu kinaweza kuziba hata mishipa midogo ya ubongo.

Hii si siri. Mganga Mfaransa Laveran alikiona kimelea katika damu mwaka 1880. Ross, Mwingereza aliyefanya kazi India, alikipata ndani ya mbu mwaka 1897. Ni zaidi ya miaka 100 watu wanajua njia yote. Basi kwa nini malaria iko bado?

Sababu ya kwanza iko ndani yetu. Mtu mkubwa aliyeumwa mara nyingi toka utoto anaweza kubeba kimelea bila homa yoyote. Anaenda kazi, anakula bukari, anacheza mpira. Usiku mbu anakunywa kwake na kupeleka kwa mtoto wa jirani. Ukitibu wale waliolala kitandani peke yao, umeacha ghala imejaa. Kwa habari ya malaria, watu wa avenyu moja ni damu moja. Yule aliyejifungia katika nyumba nzuri anakula kwa sahani ileile na yule anayelala chini ya bashe.

Tulifata maji

Jumamosi tatu za mwezi wa tatu tulizunguka kartie yetu. Tulikuwa na viatu vya mvua, kikombe cheupe na daftari. Kikombe kinatakiwa kuwa cheupe juu toto la mbu linaonekana vizuri ndani yake. Mnachota maji, mnangoja kidogo, mnaangalia namna linavyolala. Toto la Anofele linalala sambamba na uso wa maji, kama kijiti. Toto la Kuleksi, yule mbu wa kanivo anayetulilia masikioni, linaning'inia kichwa chini. Yeyote anaweza kujifunza kwa dakika 5. Mtoto wa miaka 10 aliyetufata njiani alitushinda wote.

Tulichoona kilitushangaza. Kwenye kanivo nyeusi zilizojaa plastiki, karibu wote walikuwa Kuleksi. Anofele tuliwakuta kwenye maji masafi yanayopigwa na jua: mashimo ya matofali kule pembeni ya mji, alama za matairi ya malori, misingi ya nyumba zisizomalizika, visima vifupi vya kunyweshea sombe na lenga-lenga. Fasi ambazo hakuna mtu anasema ni chafu.

Sasa tufikirie salongo yetu. Mchana mzima tunatoa matope katika kanivo, tunayaweka pembeni, mvua ya jioni inayarudisha. Shimo la matofali lenye ukubwa wa kiwanja cha basketi liko meta 200 nyuma yetu, hakuna mtu analiangalia. Hatusemi kanivo ziachwe. Zinaleta mafuriko na kipindupindu, na Anofele wa mijini naye anajifunza kuzaa hata katika maji machafu. Tunasema kwamba tumekuwa tukipiganisha kelele ya mbu, tukaacha ugonjwa ukizaa nyuma ya mgongo.

Hatumlaumu mpiga matofali. Ni kijana kama sisi, anatafuta mkate. Mji unakua, na karibu kila ukuta wa komini zetu umetoka katika shimo kama lile. Lakini kuko mtu anayetoa ruhusa ya kuchimba. Kuko mtu anayepita kukusanya taksi. Huyohuyo anaweza kudai kwamba shimo likiisha kazi lifunikwe kabla ya mvua. Yai la mbu linahitaji juma moja hadi mawili kufika kuruka. Shimo lililojaa toka mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 4 linazalisha mbu bila kupumzika.

Ukanda wa zamani uko bado

Mji wetu una historia na mbu, na kijana wa Lubumbashi anapaswa kuijua. Wakati mji unaitwa Elisabethville, wakoloni walitenga mji wa wazungu na cité ya weusi, ile leo ni Kamalondo, kwa ukanda mtupu wenye upana wa mamia ya meta. Walisema ni juu ya afya. Upana ulifuata umbali waliofikiri mbu anaweza kuruka. Yaani walijua ugonjwa unasafiri namna gani, na walichagua kusogeza watu weusi mbali. Kukausha maji ya watu wote kungeomba pesa na heshima.

Sammy Baloji, mpiga picha mzaliwa wa Lubumbashi, alionyesha ule ukanda kutoka angani katika kazi yake ya mwaka 2013, Essay on Urban Planning. Karibu na picha za mji aliweka picha za masanduku ya makumbusho yenye mbu na mainzi waliochomwa pini. Mtu akiangalia anaelewa bila maelezo.

Mbu hakuheshimu ule ukanda. Anaweza kuruka zaidi ya kilometa moja. Lakini wazo la ukanda halijafa. Leo mwenye pesa ananunua wavu wa madirisha, klimatizeri, bima, na ndege ya kwenda kujitibisha nje. Mwenye kuamua juu ya mashimo yetu halali karibu nayo. Anajilinda yeye, sisi anatutumia banderole.

Kwa nini ni ngumu kweli

Tusidanganyane: hata leta iliyo nzuri kabisa ingetoka jasho. Adui huyu anajifunza.

Mustikere tunazopewa bure zinawekwa dawa ya kuua mbu. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa ya familia moja, na mbu wa fasi nyingi za Afrika wameizoea. Njo maana sasa kuko mustikere zenye dawa mbili. Tena mustikere inatoboka. Inahesabiwa kwamba inafaa miaka karibu 3. Kampeni ikichelewa, familia inalala chini ya matundu.

Dawa nayo iko katika hatari. Tiba ya leo inategemea artemisinini, dawa iliyogunduliwa kutoka mmea na Mchina Tu Youyou, aliyepata Nobeli mwaka 2015. Inachanganywa na dawa nyingine, inanywewa siku 3. Kwa majirani zetu, Rwanda, Uganda na Tanzania, wataalamu wamehakikisha vimelea vinavyochelewa kufa mbele ya artemisinini. Kimelea hakiombi viza. Kila nusu ya dozi inayouzwa kwa kona, kila kidonge cha uongo, kila homa inayopewa dawa ya malaria bila kipimo, ni masomo tunayolipia adui.

Chanjo iko. Kongo ilianza kutoa ile ya R21 mwezi wa 10, mwaka 2024, kwa kuanzia mkoa wa Kongo Central. Ni habari njema, na mama mwenye mtoto mdogo asiikimbie itakapofika kwake. Lakini inaombwa dozi 4, na haiondoi mustikere wala kipimo.

Kuko tena fundisho la zamani. Mwaka 1955 OMS ilitangaza mpango wa kuondoa malaria duniani. Silaha kubwa ilikuwa DDT ndani ya nyumba. Ulaya na fasi zingine zilifaulu. Afrika ya kusini ya Sahara iliachwa karibu nje ya mpango, na mwaka 1969 mpango wenyewe ukawekwa pembeni. Fasi nyingi ambazo kazi ilisimama, malaria ilirudi, mara zingine na nguvu zaidi, juu watoto waliokua bila kuumwa hawakuwa na kinga. Malaria haisamehi kazi ya nusu.

Lakini inawezekana. Algeria ilipewa cheti cha kutokuwa na malaria mwaka 2019, Cape Verde na Misri mwaka 2024. Tunajua hazina mvua yetu wala msitu wetu, na kwetu itaomba muda mrefu. Kitu tunachoweza kuchukua kwao ni hiki: waliendelea kupima na kufuata kila mgonjwa hata wakati wagonjwa walikuwa wachache na kamera hazipo.

"Nyinyi vijana munalaumu leta tu"

Tunasikia hayo kila siku, na kuko ukweli ndani yake. Kuko watu wanafunika mboga na mustikere ya bure. Kuko wavuvi wanaitumia kunasa samaki. Kuko mama anauza ya kwake ili anunue unga. Kuko sisi wenyewe, wenye diplome, tunaokaa nje mpaka saa sita ya usiku bila mikono mirefu, halafu tunakunywa dawa bila kipimo. Hapo hatuna wa kumlaumu.

Lakini tuulize swali la pili. Mama aliyeuza mustikere hakujua kazi yake? Alijua. Alichagua njaa ya leo mbele ya homa ya kesho. Yule mama wa avenyu yetu alinunua nusu ya dozi. Si ujinga. Alihesabu mafranka, yakaisha. Mtu akishalala chini ya mustikere, nguvu yake imefika mwisho. Shimo la mtaa, bei ya dozi, kosyo mbele ya mlango, hivyo vyote vinaamuliwa fasi ingine.

Na pesa ziko. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawanya redevansi hivi: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa entite kama komini na sekta ambapo madini yanatoka, 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Tunaishi juu ya shaba na kobalti ambazo dunia nzima inazitafuta. Mwezi wa kwanza 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kazi nyingi za malaria katika Afrika zilitikisika kwa siku chache tu. Hatumlaani aliyesaidia miaka yote hii, tunamshukuru. Tunauliza: mtoto wa Katuba anaishije kwa kutegemea uchaguzi wa Washington, huku malori ya madini yanapita mbele ya mlango wao?

Tunachodai, na tunachotoa

Kifungu cha 47 cha Katiba yetu kinasema haki ya afya inalindwa. Kwa hiyo tunadai haki yetu, hatulombi zawadi.

Kwanza, komini zote za mji zihesabu mashimo ya matofali na maji yaliyosimama, na kila ruhusa ya kuchimba iandikwe ndani yake tarehe ya kufunika. Kabla ya mvua ya mwezi wa 11, yafunikwe.

Pili, mtoto mwenye homa kali apimwe na apewe dawa ya kwanza mara moja, mambo ya kosyo yaje nyuma. Hatuombi infirmie afanye kazi bila mshahara. Tunaomba mkoa umulipe, ili asilazimike kula kwa mgonjwa.

Tatu, kila komini inayopokea redevansi ya madini itundike mlangoni karatasi moja: kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimeenda kwa afya na kwa kutoa maji.

Ine, bei ya dozi nzima ya malaria iandikwe wazi katika kila farmasi, na nusu ya dozi isiuzwe tena.

Upande wetu, tunaahidi haya. Ramani ya mashimo tuliyoanza tutaimaliza na kuipeleka kwa burgumestre kwa mikono yetu, na kopi itabaki kwenu. Kila Jumamosi tutafundisha avenyu moja kutumia kile kikombe cheupe. Mashimo madogo tutayafunika wenyewe. Makubwa yanaomba mashine, na mashine ziko kwa wakubwa. Tutarudi kuuliza kila mwezi, kwa amani, na karatasi mkononi.

Wewe unayesoma, usingoje tarehe 25 Aprili ingine. Jumamosi hii toka nje, tembea meta 200 kuzunguka kwenu, tafuta maji masafi yenye jua. Chota. Angalia. Kama kijiti kinalala juu ya maji, tuandikie jina la avenyu, tutaliweka kwenye ramani.

Na siku ingine kwenye kilio, mtu akisema ni mapenzi ya Mungu, tumuheshimu, tumpe kiti, halafu tumuulize kwa sauti ya chini: lile shimo la nyuma ya nyumba, nalo ni Mungu alilichimba?

Lubumbashi, mwezi wa nne.